Hesabu ya Risasi

Ukijumlisha muda wote ambao mtutu wa bunduki ya shabaha unafanya kazi yake hasa, unapata sekunde tatu au nne. Sihesabu miezi ambayo bunduki imefungiwa kabatini, wala saa ambazo mwenye nayo amelala kifudifudi akisubiri upepo utulie. Nahesabu ule muda tu ambao kichwa cha risasi kimo ndani ya mtutu, kikisukumwa na gesi ya moto kutoka kwenye chemba hadi mdomoni. Kila kimoja hukaa humo milisekunde moja na nusu hivi. Na mtutu wa risasi aina ya 6.5 Creedmoor, kipenzi cha walenga shabaha wa siku hizi, huanza kupoteza usahihi baada ya risasi 2,000 hadi 3,000. Zidisha mwenyewe.

Hesabu hii nilipewa na mzee mmoja wa klabu ya shabaha katika jimbo la Thüringen, Ujerumani, nilikokwenda kusomea uhandisi wa mitambo. Eneo lile linajua bunduki kama watu wa Kilwa wanavyojua majahazi. Mji wa Suhl umetengeneza silaha kwa karne kadhaa, na mwaka 1986 mashindano ya dunia ya kulenga shabaha yalifanyika hapo. Mwanafunzi mwenzangu alinipeleka klabuni kama mgeni, nikaendelea kwenda, zaidi kwa udadisi wa chuma kuliko wa bunduki. Binti wa askari wa wanyamapori hana haja ya kwenda Ulaya kutafuta mlio wa risasi.

Mzee alikuwa na daftari. Kila alipotoka uwanjani aliandika tarehe, hali ya hewa, idadi ya risasi alizopiga, kisha jumla ya mtutu ule tangu ulipofungwa. Mtutu wake wa kwanza ulikuwa wa .308, ukaishia 5,200. Uliofuata, wa 6.5, aliutoa kwa 2,300. Siku aliyonionyesha daftari, mtutu wa tatu ulikuwa umefika 1,840, naye aliuzungumzia kama mtu anayemzungumzia ng'ombe aliyeanza kupunguza maziwa: bado yupo, bado anakula, lakini unajua.

Alikuwa na kamera nyembamba kuliko kalamu ya risasi, inayoingizwa ndani ya mtutu na kuonyesha picha kwenye simu. Karibu na mdomo chuma kilikuwa safi, mifuo ikijipinda taratibu kama uzi wa skrubu. Mifuo hiyo ndiyo inayokishika kichwa cha risasi na kukizungusha ili kiende sawa. Kadiri kamera ilivyorudi nyuma kuelekea chemba, mahali panapoitwa koo, rangi ilibadilika ikawa ya kijivu iliyofifia, na ghafla nikaona mbuga ya mpunga mwezi wa kumi. Sikuwa na neno jingine. Bonde la Rufiji, maji yakishaondoka, udongo wake mweusi hupasuka vipande vipande namna ile ile, nyufa zikikutana pembe kwa pembe. Nilimwambia mzee kwamba kwetu kuna ardhi yenye sura hii. Alicheka, akasema basi kwenu ardhi inapigwa risasi sana.

Watu wengi hudhani kinachokula mtutu ni msuguano, shaba ya kichwa ikikwaruza chuma mara maelfu. Msuguano upo, lakini mlaji mkuu ni moto. Baruti ya kisasa inapoungua hutoa gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na chuma cha mtutu huyeyuka hata kabla ya nyuzi 1,550. Kinachouokoa mtutu ni ufupi wa muda. Ngozi ya juu ya chuma hupata moto ghafla na kupoa ghafla, hutanuka na kusinyaa, huku kaboni na naitrojeni ya gesi ikipenya ndani yake na kuifanya ngumu na tete kama kigae. Mwisho hupasuka. Risasi inayofuata hupitisha gesi juu ya nyufa hizo kwa shinikizo ambalo akili haizoei: tairi la gari dogo hujazwa baa mbili na kidogo, wakati .308 inaruhusiwa kufika baa 4,150. Vipande vidogo hung'oka. Koo husogea mbele kidogo kidogo, na kichwa cha risasi huanza kuruka bila kushikwa na kitu kabla ya kuifikia mifuo. Hapo ndipo matundu kwenye karatasi yanapoanza kutawanyika, na mlengaji anaanza kujilaumu, halafu anaulaumu upepo, halafu anafungua daftari.

Waingereza walilijua hili mapema. Bunduki yao ya Lee-Metford ya mwaka 1888 ilikuwa na mifuo ya kina kifupi, iliyobuniwa wakati wa baruti nyeusi inayoacha masizi mengi. Mwaka 1891 ikaingia kodaiti, baruti isiyo na moshi yenye asilimia 58 ya nitrogliserini, na mifuo ile haikuweza kuustahimili moto wake. Mwaka 1895 ikabidi waleta mifuo mingine ya kina zaidi, na bunduki ikabadilika jina ikawa Lee-Enfield. Baadaye wakapunguza na nitrogliserini yenyewe hadi asilimia 30. Nayataja haya kwa sababu Lee-Enfield itarudi, nyumbani kwetu, ikiwa mikononi mwa mtu ambaye sikuwahi kumwona.

Kwa hiyo ukichagua risasi umechagua pia umri wa mtutu. Kanuni haihitaji shahada: ni baruti kiasi gani inalazimishwa kupita kwenye tundu la ukubwa gani. Nilikaa na kikokotoo jioni moja bwenini. .308 huchoma kama gramu 2.9 za baruti nyuma ya tundu la milimita 7.8, ni kama miligramu 60 kwa kila milimita ya mraba. 6.5 Creedmoor huchoma kama gramu 2.7 kwenye tundu la milimita 6.7, yaani miligramu 77. Kisha chukua .264 Winchester Magnum, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ahadi ya kupiga mbali na kwa kasi: gramu 4 kwenye tundu lile lile la 6.7. Miligramu 113. Haishangazi kwamba ilipata sifa ya kumaliza mitutu. Kabla yake, mwaka 1935, ilikuja .220 Swift, kichwa cha gramu tatu kikitoka kwa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde, na sifa ya ulafi imeifuata hadi leo. Upande wa pili kabisa kuna ile .22 ndogo waliyofundishiwa watoto wa klabu, yenye chembe tu za baruti na kichwa laini cha madini ya risasi. Baadhi ya mitutu yao ilikuwa na umri kuliko wazazi wao.

Mlenga shabaha anayepiga risasi mia wikiendi moja analipa kila miligramu. Mwindaji anayepiga kumi kwa mwaka anaweza kununua risasi yenye ulafi kuliko zote na asione nyufa hata moja hadi anazeeka. Maoni yangu, na mzee alinipinga kwa hili, ni kwamba wawindaji wengi wananunua kasi kwa sababu ni rahisi kuinunua kuliko subira. Mita mia moja za kunyata zinafanya kazi ambayo gramu moja ya baruti haiwezi.

Yeye mwenyewe kwa nguruwe pori alitumia 9.3×62. Aliitoa siku moja akaniwekea ganda lake mkononi, akasema, "Hii ilitengenezwa kwa ajili ya kwenu." Hakukosea. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliibuni mwaka 1905 ili iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida, walowezi na wawindaji wa Kijerumani walioko Afrika wapate kitu cha bei ya kawaida kinachoweza kumwangusha mnyama mkubwa, badala ya bunduki ghali za mitutu miwili za Kiingereza. Kichwa cha gramu 18.5, mwendo wa kama mita 720 kwa sekunde. Risasi isiyo na haraka. Mtutu wake haulalamiki.

Mwaka 1905 kwetu una maana nyingine. Nimekulia kusini, nchi ya Majimaji, ambako mwaka huo huo watu waliambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji. Najua risasi ya Bock haikuwa ya vita ile. Askari wengi wa Kijerumani walibeba bado Mauser za mwaka 1871 zenye baruti nyeusi. Hata hivyo ile tarehe, ikitoka kinywani mwa mzee mkarimu aliyekuwa akinimiminia kahawa, ilinifanya nitazame kikombe. Sikusema kitu. Niliuliza tu mtutu wake una umri gani. Akasema aliununua akiwa kijana, na mjukuu wake ataurithi.

Mabishano kuhusu risasi ipi imfae mnyama mkubwa yalikomaa huku kwetu Afrika Mashariki. W. D. M. Bell, Mskoti aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya kuwinda sana Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ndogo ya 7×57. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi. Watu wanaopenda risasi ndogo wanamtaja hadi leo kama mtume. Mimi naona wanasahau kwamba Bell alichagua siku yake, mnyama wake na upande wa kusimama. Sheria za uwindaji katika nchi nyingi za Afrika hazimfikirii Bell, huanzia.375 kwa wanyama wa hatari, risasi ambayo Holland & Holland waliitoa mwaka 1912, kwa sababu zinamfikiria mtu ambaye hakuchagua chochote.

Baba yangu hakuchagua chochote.

Baba naye alikuwa na daftari, ila la kwake lilikuwa mali ya ofisi. Lilikuwa na safu za tarehe, risasi zilizotoka ghalani, zilizotumika, sababu, maganda yaliyorudi, sahihi. Kila risasi ilidaiwa mnyama, na kila ganda tupu lilidaiwa lirudi. Hapakuwa na safu ya mazoezi. Askari akitaka kuipima bunduki yake kwenye mti kabla ya kuingia porini, angeandika nini kwenye safu ya sababu? Mti? Basi haikupimwa. Katika miaka kumi na tisa ya kazi, kwa hesabu yake mwenyewe, Baba alipiga risasi 71. Mzee wa klabu alipiga 71 kabla ya chakula cha mchana.

Bunduki aliyokabidhiwa ilikuwa Brno ya .458, iliyokuwa imepita mikononi mwa wengine kabla yake. Tundu la .458 ni pana, milimita 11.6, baruti ni kama gramu 4.7; unapata miligramu 44 tu kwa milimita ya mraba. Kwa moto peke yake, mtutu ule usingekwisha hata Baba angefanya kazi miaka mia tatu.

Ila mtutu hauli moto tu. Baba alifundishwa kazi na askari mzee aliyeanza zamani za Waingereza, akitumia Lee-Enfield ya .303. Fataki za risasi zile za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu kama chumvi ya jikoni inavyovuta wakati wa masika, na mafuta hayaiyeyushi. Dawa yake ni maji ya moto. Yule mzee wa .303 alimfundisha Baba kumimina birika zima la maji yanayochemka ndani ya mtutu, kisha kukausha, kisha mafuta. Fataki za .458 hazikuwa na chumvi ile. Lakini nani angemwambia? Kila Jumapili baada ya misa Baba alichemsha maji, na sisi watoto tulisubiri birika lirudi ili chai ipikwe.

Baada ya maji ilikuja kamba: uzi mgumu wenye kichuma mwishoni na kitambaa chenye mafuta, ukidumbukizwa kwenye chemba na kuvutwa kutokea mdomoni. Kamba ikiwa na vumbi, na ikivutwa kwa pembe badala ya kunyooka, hukata ukingo wa mdomo wa mtutu kama kamba ya kisima inavyokata ubao. Mara moja kwa wiki, miaka kumi na tisa: karibu mara elfu moja. Risasi 71, kamba elfu moja. Bunduki za ofisi nyingi katika nchi za joto zimekufa hivi, kwa kutu na kwa usafi, si kwa kupigwa.

Baba aliliona. Alichukua risasi nzima, akaitia kichwa chake kwenye mdomo wa mtutu, akanionyesha jinsi kinavyozama zaidi upande mmoja. "Unaona, mwanangu? Umeanza kulegea." Alisema hivyo mwaka ule ule, miezi michache kabla ya mbogo. Ndiyo maana baadaye hakuna aliyekuwa na shaka, hata yeye.

Mbogo yule alikuwa na jeraha la gobore. Mtu alikuwa amempiga usiku kwa bunduki ya kienyeji, zile ambazo mtutu wake huanza maisha kama bomba la maji. Hauna mifuo, na ndani hutiwa chochote kilicho kigumu. Mnyama alikaa siku tatu kwenye matete karibu na mashamba na akamfukuza mama mmoja aliyekwenda kuteka maji. Baba alipewa risasi sita kutoka boksi ambalo karatasi yake ilishachubuka, halina hata jina. Ghala lilikuwa la bati, na wewe unajua bati la kusini mwezi wa kumi na moja. Mjomba, kaka yake Mama, alikwenda naye kwa sababu hakuna mtu kijijini aliyesoma nyayo kama yeye. Hakuwa mwajiriwa. Alikuwa na panga.

Walimkuta saa nne asubuhi, hatua thelathini, amesimama ubavu. Baba alilenga bega. Hadi leo akisimulia hutumia neno moja kuhusu mlio ule: ilikohoa. Bunduki ya .458 haikohoi, inakupiga bega, inakuziba masikio, ndege wote wanaondoka. Ile ilikohoa. Mbogo alitetereka, akageuka, akaja, na aliyekuwa mbele yake ni Mjomba. Risasi ya pili ililia inavyopaswa kulia na ikamwangusha mnyama pale pale, lakini kwa wakati huo paja la Mjomba lilikuwa limeshafunguliwa.

Nilikuwa darasa la sita. Mjomba alipona baada ya miezi mitano hospitalini, na mguu wa kushoto haukukunjika tena. Kijijini walisema bunduki ya serikali imekwisha mtutu, inapiga hovyo. Ofisini kwa Baba swali lilikuwa jingine: ganda la pili liko wapi? Lilirukia kwenye matete, na daftari halikuweza kufungwa bila hilo. Tulirudi kulitafuta, Baba na mimi, siku mbili. Nililiona mimi, limekanyagwa kwenye tope. Baba alilifuta kwa shati lake, akalitia mfukoni, na tulirudi nyumbani bila kuzungumza.

Mama hakuwahi kumlaumu. Alimtengenezea kaka yake kiti kirefu asichohitaji kukunja goti ili akae, akakiweka barazani, na Mjomba alikuja kila jioni. Kila aliposhika nguzo ili ainuke, Baba alikuwa na kitu cha kutazama uani.

Niliporudi kutoka Ujerumani, kichwani nilikuwa na picha ya koo lile lililopasuka na miligramu zote hizo, nilimwomba Baba anisimulie tena, polepole, kama fundi anavyomuuliza mteja gari limeanza lini kugonga. Bunduki yenyewe alishairudisha alipostaafu. Lakini alikwenda chumbani akarudi na kopo la Blue Band, na ndani yake, kwenye kitambaa, kulikuwa na kichwa cha risasi. Wachunaji walikitoa kwa yule mbogo. Maganda ofisi iliyataka, vichwa haikuvihesabu.

Nilikaa nacho barazani na kalipa niliyokuja nayo. Gramu 32 na kidogo, kizima, hakijapinda. Ubavuni mwake mistari ya mifuo ilikuwa imechongwa wazi, kingo kali, sawa pande zote, kama alama za uma kwenye ugali uliopoa. Mtutu uliokwisha mifuo hauwezi kuandika hivyo. Kwa hiyo ndani mtutu ule ulikuwa mzima. Ulegevu wa mdomo ulikuwa wa kweli, ila chukua mtutu mbaya kabisa, unaotawanya risasi kwa sentimita 15 kwenye mita 100; kwenye hatua thelathini kosa ni sentimita nne. Bega la mbogo ni pana kama meza ya kahawa.

"Kilikutwa wapi?" nilimuuliza.

"Begani. Pale pale nilipolenga. Kwenye nyama, mbele ya mfupa."

Mbele ya mfupa. Kichwa cha .458 kisichofunguka, kikienda mwendo wake, huvunja bega la mbogo na kutafuta bega la pili. Hiki kilifika mahali pake na kikalala. Nikamuuliza kama alipousafisha mtutu usiku ule aliona kitu kisicho cha kawaida. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema maji ya birika yalipotoka yalibeba punje, ndogo, za kijivu, kama mbegu za mchicha, nyingine zimeshikana. Alidhani ni kutu.

Ilikuwa baruti. Winchester walipoitoa .458 Winchester Magnum mwaka 1956, walitaka nguvu ya zile risasi ndefu za bunduki za mitutu miwili ndani ya ganda fupi linaloenea kwenye bunduki ya kawaida. Nafasi ilikuwa finyu, baruti ikashindiliwa. Baruti iliyoshindiliwa ikikaa miaka mingi, hasa kwenye joto, inaweza kugandamana, na fataki ikiwaka haiungui yote. Kichwa kinatoka, lakini kinatoka kwa uvivu. Malalamiko yalisikika sana miaka ya 1960 na 1970, hadi baruti na ujazaji vikabadilishwa. Mmarekani mmoja, Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati nchini Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458, aliondoka na wazo la ganda refu zaidi lenye nafasi ya kutosha, na mwaka 1971 ikazaliwa .458 Lott. Msumbiji ni ng'ambo ya Ruvuma tu. Jibu la mguu wa Mjomba lilikuwa limeshachapishwa kwenye majarida ya bunduki kabla mimi sijazaliwa.

Nilieleza haya yote jioni ile, Mjomba akiwa kwenye kiti chake, Mama akipeta mchele. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi, nikachora na ganda mchangani kwa kijiti. Mjomba alinisikiliza kwa adabu aliyonayo kwa watu waliosoma. Mwisho akasema, "Kwa hiyo shemeji hakukosa."

"Hakukosa, Mjomba. Alipiga alipolenga."

"Mimi nilijua," akasema, akamgeukia Baba. "Nilikuwa mbele, shemeji. Niliona vumbi linatoka begani. Miaka yote hii hukuniuliza."

Baba hakujibu hilo. Alikuwa anatazama mchoro wa ganda mchangani, na alipoinua uso aliuliza kitu ambacho mimi, na shahada yangu, sikuwa nimekifikiria.

"Boksi la risasi hizi lina ngapi?"

"Ishirini."

"Mimi nilichukua sita. Nilitumia mbili. Nne nilizirudisha, nikasaini." Akahesabu kwa vidole, ingawa hapakuwa na haja. "Kumi na nne zilibaki ghalani. Kumi na nane."

Mama aliacha kupeta. Mjomba akauliza nani alizichukua. Baba akataja majina mawili ya askari waliomfuata kazini, na la pili alilitaja polepole, kisha akamwomba Mama amletee simu.